Mkato wa Kibodi Ukigoma: Kupatanisha Kihariri cha Msimbo na Desktopu ya Linux

Maswali ni yale yale, wanaobadilika ni waulizaji tu. "Ndugu yangu, nikibonyeza Ctrl+Alt+L kwenye Android Studio ili msimbo ujipange, skrini inajifunga na kuniomba nenosiri." "Mwalimu wa kwenye video anarudufu mstari kwa kubonyeza mara moja, mimi nikibonyeza vile vile hapatokei kitu." "Nikibonyeza Ctrl na nukta naona herufi e iliyopigwa mstari chini. Je, laptopu imeingia virusi?"

Wengi wanaouliza ni vijana wa hapa Mombasa walionunua laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza, wakaona Windows inawachelewesha, wakaweka Ubuntu au Linux Mint. Sasa wanajifunza kuprogramu jioni baada ya kazi, au baina ya vipindi pale Chuo Kikuu cha Kiufundi, Tudor. Uamuzi wao ni mzuri na siwezi kuona wakiuacha kwa sababu ya vitufe vitatu. Kwa hiyo nimekusanya majibu yote hapa, kwa mpangilio wa kufuatwa hatua kwa hatua.

Nadharia ni fupi. Unapobonyeza vitufe, havifiki moja kwa moja kwa kihariri, yaani programu unayoandikia msimbo. Desktopu, yaani programu inayoonyesha madirisha na menyu za Linux, ndiyo bawabu wa mlangoni: inavikagua kwanza, na ikiona ni mkato wake (vitufe vinavyobonyezwa pamoja kuamuru kazi fulani), inauchukua na kihariri hakipati habari kabisa. Ikiupitisha, ipo programu ya kuingizia herufi, ambayo kwenye Ubuntu ni IBus, nayo inaweza kuuchukua. Kihariri ni wa mwisho kwenye foleni. Ndiyo maana mtu anashinda akibadilisha mipangilio ya VS Code na hakuna kinachobadilika: anayeushika mkato hayumo ndani ya VS Code.

Na msimamo wangu niuseme mapema, kwa sababu hatua zote zinaufuata. Uachilie mkato kwenye desktopu, na kihariri ukiache kama kilivyo. Mikato ya kihariri ndiyo inayofundishwa kwenye kila somo na ndiyo wanayotumia wenzako. Ukiibadilisha yako, siku ukikaa kwenye kompyuta ya mwenzako au ya kazini utakuwa mgeni. Mikato ya desktopu inayogongana nayo, mara nyingi hujawahi kuitumia hata siku moja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Laptopu yenye Linux. Mifano yangu mingi ni ya Ubuntu yenye GNOME na Linux Mint yenye Cinnamon, ila nitagusia XFCE na KDE. GNOME, Cinnamon, XFCE na KDE ni majina ya desktopu.
- VS Code, VSCodium, kihariri cha JetBrains kama IntelliJ au PyCharm, au Android Studio, ambayo imejengwa juu ya IntelliJ.
- Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kwenye Ubuntu na Mint inafunguka kwa Ctrl+Alt+T.
- Orodha ya mikato inayokusumbua, iliyoandikwa kwenye karatasi. Usitegemee kumbukumbu, ukianza kubadilisha mambo utachanganya Ctrl+Alt na Ctrl+Shift.
- Bando huhitaji kubwa. Karibu kila kitu tayari kimo kwenye mashine.

Kitufe cha Super nitakachokitaja mara kwa mara ni kile chenye nembo ya Windows.

Hatua ya 1: Hakikisha unabonyeza mkato wa Linux

Hapa ndipo nusu ya maswali yanapoishia. VS Code ina mikato tofauti kwa Windows na kwa Linux, na waliorekodi masomo wengi wako kwenye Windows au Mac. Tofauti zinazowakwaza watu zaidi ni hizi:

- Kupanga msimbo wa faili nzima: Windows ni Shift+Alt+F, Linux ni Ctrl+Shift+I.
- Kurudufu mstari kwenda chini: Windows ni Shift+Alt+mshale wa chini, Linux ni Ctrl+Shift+Alt+mshale wa chini.
- Kuongeza kielekezi cha pili chini: Windows ni Ctrl+Alt+mshale wa chini, Linux ni Shift+Alt+mshale wa chini.
- Kurudi ulikotoka: Windows ni Alt+mshale wa kushoto, Linux ni Ctrl+Alt+kistari.

Kwa mkato mwingine wowote, bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S ndani ya VS Code. Orodha yote itafunguka. Andika jina la amri, kwa mfano "format document", na usome ilichopewa kwenye mashine yako. Kama ulikuwa unabonyeza mkato wa Windows, huna mgongano wowote. Jifunze ule wa Linux na uishie hapa.

Hatua ya 2: Angalia kama kihariri kinauona mkato

Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Ndiyo inayokuambia ukatafute wapi.

Ndani ya VS Code bonyeza F1, andika "Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting", kisha Enter. Chini patafunguka kidirisha kinachoandika kila kitufe unachobonyeza. Sasa bofya ndani ya faili lako na ubonyeze mkato unaokusumbua, polepole, kitufe kimoja baada ya kingine bila kuachilia.

Tuseme ni Ctrl+Shift+Alt+mshale wa chini. Utaona mstari wenye `code: ControlLeft`, mwingine wenye `code: ShiftLeft`, mwingine wenye `code: AltLeft`. Kisha macho yako yasubiri mstari wenye `code: ArrowDown`. Majibu ni ya namna tatu:

- Mstari wa `ArrowDown` hauji kabisa. Desktopu imeuchukua. Endelea na hatua ya 3.
- Unakuja, na chini yake pana neno `matched` likifuatwa na jina la amri usiyoitarajia. Mgongano uko ndani ya VS Code kwenyewe, kwa kawaida kwa sababu ya kiendelezi (programu ndogo ya ziada) ulichoongeza. Nenda kwenye sehemu ya mwisho, "Ikiwa bado haijakubali".
- Unakuja, lakini unasema `No keybinding entries`. Mkato umefika, ila haujapewa kazi yoyote. Rudi hatua ya 1.

Ukimaliza, bonyeza F1 na uizime kwa amri ile ile, la sivyo itaendelea kuandika kila unachobonyeza.

Kwa Android Studio na ndugu zake, fungua Settings, kisha Keymap. Karibu na kisanduku cha kutafutia pana alama nyingine ya lenzi, ya kutafuta amri kwa mkato. Bofya hapo na ubonyeze vitufe vyako. Vikiandikwa kwenye kidirisha, vimefika. Skrini ikijifunga mbele yako, umeshapata jibu.

Hatua ya 3: Mtafute anayeushika

Kwanza jua uko kwenye desktopu gani:

```
echo $XDG_CURRENT_DESKTOP
```

Itakujibu kitu kama `ubuntu:GNOME`, `X-Cinnamon`, `XFCE` au `KDE`.

Kwenye GNOME na Cinnamon, tafuta kwa kitufe cha mwisho cha mkato wako. Kwa mshale wa chini:

```
gsettings list-recursively | grep -i "down'"
```

Nasisitiza kitufe cha mwisho kwa sababu hiyo Ctrl inaweza kuwa imeandikwa `<Control>`, au `<Primary>`, au `<Ctrl>`, na mpangilio wa vitufe unabadilika. Ukitafuta "ctrl" peke yake utakosa unachokitafuta na kudhani hakipo. Kwenye Ubuntu, mstari utakaokuvutia ni huu:

```
org.gnome.desktop.wm.keybindings move-to-workspace-down ['<Control><Shift><Alt>Down']
```

Soma taratibu. Sehemu ya kwanza ni mahali mpangilio unapokaa, ya pili ni jina la kazi yenyewe, ya tatu ni mkato. Kazi hii ni kuhamisha dirisha kwenda eneo la kazi (workspace, skrini pepe ya kupangia madirisha) lililo chini. Tangu GNOME 40, iliyotoka 2021, maeneo ya kazi yamepangwa kushoto na kulia, wala chini hakuna pa kwenda. Hata hivyo mkato umebaki umeshikwa, na VS Code inakosa kurudufu mstari kwa ajili ya kazi isiyofanyika. Ukikumbuka jambo moja tu kutoka mwongozo huu, kumbuka hili, maana ndilo swali nililoulizwa kuliko yote.

Kama mkato uliutengeneza mwenyewe zamani kwenye mipangilio ya GNOME, amri ile ya juu haitauonyesha. Iangalie hivi:

```
dconf dump /org/gnome/settings-daemon/plugins/media-keys/
```

Kwenye XFCE tumia `xfconf-query -c xfce4-keyboard-shortcuts -l -v | grep -i down`. Kwenye KDE tumia `grep -i down ~/.config/kglobalshortcutsrc`, ingawa kwa KDE ni rahisi zaidi kufungua System Settings, kisha Shortcuts, na kutafuta pale pale.

Hatua ya 4: Weka akiba ya mipangilio ya GNOME

```
dconf dump /org/gnome/desktop/wm/keybindings/ > ~/mikato-yangu.txt
```

Faili likiwa tupu usishtuke. Linaandika tu yale yaliyobadilishwa, na utupu maana yake ni kwamba hujawahi kubadilisha kitu. Ukitaka kurudi ulikotoka, anza kwa kufuta mabadiliko yote, kisha rudisha akiba:

```
dconf reset -f /org/gnome/desktop/wm/keybindings/
dconf load /org/gnome/desktop/wm/keybindings/ < ~/mikato-yangu.txt
```

Ukirudisha akiba bila kufuta kwanza, yale mapya uliyoyaongeza yatabaki.

Hatua ya 5: Uachilie mkato kwenye GNOME

Unaweza kujaribu kwa kipanya: Settings, kisha Keyboard, kisha "View and Customize Shortcuts". Ukiupata mkato wako, ubofye na ubonyeze Backspace, utazimwa. Lakini ile ya juu na chini huenda usiione kwenye orodha hiyo, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Terminali inaifikia yote:

```
gsettings set org.gnome.desktop.wm.keybindings move-to-workspace-down "[]"
gsettings set org.gnome.desktop.wm.keybindings move-to-workspace-up "[]"
gsettings set org.gnome.desktop.wm.keybindings switch-to-workspace-down "[]"
gsettings set org.gnome.desktop.wm.keybindings switch-to-workspace-up "[]"
```

Rudi kwenye VS Code na ujaribu. Inafanya kazi papo hapo, bila kuwasha upya, na imeshahifadhiwa. Hata stima ikikatika sasa hivi haipotei.

Kushoto na kulia ni habari tofauti. Kwenye IntelliJ na Android Studio, Ctrl+Alt+mshale wa kushoto unakurudisha mahali ulipokuwa kwenye msimbo, na ni mkato mtamu sana ukishauzoea. GNOME inautumia kubadilisha eneo la kazi. Hapa usizime kabisa, kwa sababu huenda maeneo ya kazi unayatumia. Yaachie mkato wa Super:

```
gsettings set org.gnome.desktop.wm.keybindings switch-to-workspace-left "['<Super>Page_Up']"
gsettings set org.gnome.desktop.wm.keybindings switch-to-workspace-right "['<Super>Page_Down']"
```

Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa kila mgongano: Super iwe ya desktopu, Ctrl na Alt ziwe za kihariri. Ukiufuata kwa kila mkato unaoupanga upya, migongano haitajirudia.

Wanaotumia vihariri vya JetBrains waongeze Alt+F7 na Alt+F8. GNOME inazitumia kusogeza dirisha na kulibadilisha ukubwa kwa kibodi, na ninyi mnazihitaji kutafuta jina limetumika wapi na kupima thamani wakati wa kusaka hitilafu. Majina yake ni `begin-move` na `begin-resize`, mahali pale pale. Yapeni `"[]"`.

Hatua ya 6: Linux Mint na Ctrl+Alt+L

Kwenye Cinnamon, Ctrl+Alt+L ni ya kufunga skrini. Kwenye Android Studio ni ya kupanga msimbo. Wote wawili wana haki yao, kwa hiyo tunahamisha ile ya desktopu kwenda Super+L, ambayo wengi wameizoea kutoka Windows.

Ila tahadhari: kwenye Cinnamon, Super+L tayari ina mwenyewe, nayo ni Looking Glass, kifaa cha wanaotengeneza Cinnamon yenyewe. Ukihamisha bila kukiondoa, utakuwa umehamisha ugomvi kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kwa Mint natumia kipanya, ni salama zaidi:

1. Fungua Keyboard kwenye menyu, kisha sehemu ya Shortcuts.
2. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika "looking glass". Bofya mkato wake na ubonyeze Backspace.
3. Tafuta "lock screen". Bofya palipoandikwa Ctrl+Alt+L, kisha bonyeza Super+L.
4. Funga dirisha, jaribu Super+L. Skrini ikijifunga, ingia tena na ujaribu Ctrl+Alt+L ndani ya Android Studio.

Usiache skrini bila mkato wa kuifunga. Ukifanyia kazi mahali pa watu wengi, maktaba au mkahawa wa Nyali, utauhitaji kila unapoinuka.

Hatua ya 7: Herufi e au u yenye mstari chini

Hiyo si virusi. Ni IBus inangoja uandike jina la emoji, au namba ya herufi maalumu. Ctrl+nukta ndiyo inayokupa marekebisho ya haraka kwenye VS Code, na kwenye baadhi ya matoleo ya Ubuntu IBus imeichukua. Angalia imeshika nini:

```
gsettings get org.freedesktop.ibus.panel.emoji hotkey
gsettings get org.freedesktop.ibus.panel.emoji unicode-hotkey
```

Ya kwanza ikitaja `<Control>period`, ipe Super badala yake:

```
gsettings set org.freedesktop.ibus.panel.emoji hotkey "['<Super>period']"
```

Ya pili kwa kawaida ni Ctrl+Shift+U, na wanaotumia JetBrains wanaihitaji kubadilisha herufi kubwa na ndogo. Kama huandiki herufi kwa namba zake, ipe `"[]"`. Kisha `ibus restart`, au toka kwenye akaunti na uingie tena. Asiyependa terminali aandike `ibus-setup` na afungue kichupo cha Emoji.

Hatua ya 8: Alt na kipanya

VS Code inaongeza kielekezi unapobofya huku umeshika Alt. Kwenye Mint na XFCE, Alt na kipanya huburuta dirisha zima. GNOME ya kawaida haina shida hii, inatumia Super. Kwa Cinnamon:

```
gsettings set org.cinnamon.desktop.wm.preferences mouse-button-modifier "<Super>"
```

Kwa XFCE:

```
xfconf-query -c xfwm4 -p /general/easy_click -s Super
```

Hatua ya 9: Kama huna budi kubadilisha kihariri

Zipo hali ambazo desktopu si yako: kompyuta ya maabara, au ya mwajiri aliyefunga mipangilio. Hapo badilisha kihariri, lakini mikato miwili mitatu tu, na uiandike mahali. Kwa VS Code, faili liko `~/.config/Code/User/keybindings.json`. Mfano wa kurudufu mstari kwa mkato mwingine:

```
[
  {
    "key": "ctrl+alt+d",
    "command": "editor.action.copyLinesDownAction",
    "when": "editorTextFocus && !editorReadonly"
  }
]
```

Kabla ya kuchagua mkato mpya, upitishe kwenye hatua ya 2 kwanza. Kwenye Ubuntu, kwa mfano, Ctrl+Alt+D huenda ikawa tayari ni ya kuficha madirisha yote, na ikiwa hivyo, mfano wangu hautakufaa. Chagua mwingine uliouona ukifika.

VSCodium inatumia folda ya `~/.config/VSCodium/User`. Waliosakinisha VS Code kwa Flatpak wataikuta `~/.var/app/com.visualstudio.code/config/Code/User`. Nimeona mtu akihariri faili la folda ya kwanza jioni nzima, na programu yake inasoma ya tatu.

JetBrains wana mipangilio iliyokwisha andaliwa kwa ajili ya GNOME na KDE, kwenye Settings, Keymap. Inaepuka migongano, lakini inakuhamishia mikato mingi kwa mpigo mmoja. Mimi simshauri anayeanza aitumie.

Makosa yanayojirudia

*Kuweka sudo mbele ya gsettings.* Amri inaweza kupita bila malalamiko, lakini itagusa mipangilio ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, si yako. Mikato ya desktopu ni ya mtumiaji, haihitaji sudo kamwe.

*Kunakili amri iliyotumwa kwa WhatsApp.* Alama za kunukuu huenda zikageuzwa zikawa zile zilizopinda, na terminali haizielewi. Ukiona kosa lisiloeleweka, futa alama hizo na uziandike upya kwa mkono wako.

*Kubadilisha mambo matano kisha kujaribu.* Badilisha mmoja, jaribu, endelea. Ukibadilisha mengi na kitu kikaharibika, hutajua kipi kilikiharibu.

*Kuweka Alt+Shift iwe ya kubadilisha lugha ya kibodi.* Wanaoandika Kiarabu na Kiswahili kwenye mashine moja hufanya hivi sana hapa kwetu. Matokeo yake kila mkato wenye Shift na Alt unayumba. Super+nafasi inatosha kwa kazi hiyo.

Ikiwa bado haijakubali

*Vitufe vya F vinaongeza sauti au mwanga.* Hiyo ni kibodi ya laptopu, si Linux. Kwenye Dell na ThinkPad nyingi jaribu Fn+Esc. Kwenye HP nyingi utaubadilisha kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Linux haijawaka), palipoandikwa "Action Keys Mode".

*Alama haziko zilipochorwa.* Ukibonyeza Shift+2 ukapata @ wakati kitufe kimechorwa alama ya kunukuu, una kibodi ya Uingereza na Linux imewekwa ya Marekani. Hizi laptopu za mtumba ndivyo zilivyo nyingi. Ongeza "English (UK)" kwenye Settings, Keyboard, na uondoe ile nyingine. Mikato inayotumia alama itarudi mahali pake. Ikiwa herufi zinaandikika sawa ila mikato ya VS Code inakwenda kombo, weka `"keyboard.dispatch": "keyCode"` kwenye mipangilio ya VS Code, uifunge na kuifungua upya.

*Mkato unafika lakini unafanya kazi nyingine.* Fungua VS Code kwa `code --disable-extensions`. Ukifanya kazi sasa, mkosaji ni kiendelezi. Rudi Ctrl+K, Ctrl+S, bofya kulia kwenye mkato wako na uchague "Show Same Keybindings". Utaona wote wanaougombea.

*Unafanya kazi kwenye faili, haufanyi kazi ukiwa kwenye terminali ya ndani ya VS Code.* Ni kawaida, kwa kuwa mikato mingine hupelekwa kwa terminali yenyewe. Bofya faili kwanza.

*Skrini imegeuka nyeusi na inaomba login.* Umebonyeza Ctrl+Alt na mojawapo ya vitufe vya F, ukaingia kwenye konsoli, skrini ya maandishi matupu. Kazi yako haijapotea. Kwenye Ubuntu jaribu Ctrl+Alt+F2, ikishindikana Ctrl+Alt+F1. Kwenye Mint ni Ctrl+Alt+F7. Usizime mashine kwa kitufe cha nguvu.

*Linux yako iko ndani ya VirtualBox.* Windows ya nje inachukua mikato kabla Linux haijaiona. Hakuna amri ya hapa juu itakayosaidia mpaka VirtualBox ishike kibodi yote. Bofya ndani ya dirisha lake na uangalie kwenye menyu ya Input.

*Wakati mwingine unakubali, wakati mwingine haukubali.* Shuku kitufe chenyewe. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na laptopu ya mtumba imeshapita mikononi mwa wengi. Sakinisha `x11-utils` kama haimo, kisha endesha `xev -event keyboard` (kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, `wev` ni bora zaidi) na ubonyeze Ctrl ya kushoto mara kadhaa. Kila mara yapasa kuona `Control_L` ikibonyezwa na ikiachiliwa. Ikiruka hata mara moja, jaribu ya kulia, `Control_R`. Tena zipo kibodi zisizoweza kusoma vitufe vinne kwa pamoja vikiwa kwenye kona fulani. Badala ya Shift ya kushoto tumia ya kulia, na mkato unaweza kupita. Ikiwa Ctrl ya kulia inafanya kazi vizuri na ya kushoto inaruka, acha kugusa mipangilio, tafuta fundi aisafishe au uinunulie kibodi mpya.